Kipimo cha mirija (HSG): jinsi ya kujiandaa, na dawa ya maumivu ya kuomba kabla hujapanda kitandani

Benchi lililo nje ya chumba chetu cha eksirei huwa na soga. Aliyevunjika mkono anasimulia bodaboda ilivyomwangusha, mzee wa kifua anajibu kwa kikohozi. Pembeni kabisa anakaa dada mmoja kimya, ameshika bahasha ya daktari kwa mikono miwili, pedi kaificha ndani kabisa ya mkoba. Huyo ndiye mgonjwa wangu. Amekuja kupimwa mirija.

Mimi ni muuguzi mkunga, na nafasi yangu wakati wa kipimo hiki ni kusimama upande wa kichwa cha mgonjwa. Kabla ya hapo nimewahi kulala mimi mwenyewe kwenye kitanda kama kile, hospitali nyingine. Niliambiwa "ni kama hedhi tu". Sikupewa hata kidonge. Dawa ya kipimo ilipoingia nikajiuma kiganja mpaka meno yakaacha alama, na nilipomaliza nikasifiwa kwa kujikaza. Hakuna aliyeniuliza kitu kabla, na mimi sikujua kwamba kulikuwa na cha kuomba. Kipo, na hapa nakupa mpangilio wake.

Kwanza ujue kinachofanyika. HSG ni picha ya eksirei ya kizazi na mirija. Daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi, anasukuma dawa ya majimaji inayoonekana kwenye eksirei, na kwenye skrini kizazi kinajaa taratibu kama pembetatu ndogo iliyogeuzwa juu chini. Kisha zinatokea nyuzi mbili, kushoto na kulia: hiyo ndiyo mirija. Ikiwa wazi, dawa inamwagika mwishoni mwake na kutawanyika kama moshi. Kazi yenyewe mara nyingi haizidi dakika 15. Wengine husikia tumbo likinyonga kidogo na kuachia. Wengine wanaumia vibaya sana. Sitakuambia wewe utakuwa upande gani, kwa sababu hata daktari hajui.

Hatua ya 1: Uliza kama mume ameshapimwa

Najua hukuja kusoma habari za mume. Lakini katika wanandoa wanaotafuta mtoto, upande wa mwanamume unahusika karibu nusu ya safari, peke yake au pamoja na tatizo la mke. Kipimo cha mbegu hakiumi. Anajizuia kumwaga kwa siku 2 hadi 7, anatoa kwenye kikopo, basi. Nimeona wanawake waliopigwa HSG mara mbili huku mume hajawahi kukanyaga maabara. Kama mbegu hazijapimwa, mwombe daktari zianze hizo. Huenda mpango mzima ukabadilika.

Hatua ya 2: Panga siku

Kipimo hufanyika hedhi ikiwa imekwisha na yai halijatoka. Kwa wengi ni kati ya siku ya 7 na ya 10, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa ni siku ya 1. Ukianza kuona damu tarehe 3, basi panga kati ya tarehe 9 na 12. Kama mzunguko wako ni mfupi, wa siku 24 kwa mfano, sema mapema, maana yai lako linawahi.

Tangu hedhi ianze mpaka upimwe, usikutane na mume bila kinga. Dawa na mionzi havitakiwi kukuta mimba changa, na siku hiyo wengi tunapima mkojo kwanza. Ukiwa bado unatokwa damu, au una homa, au uchafu wenye harufu mbaya, ahirisha. Dawa inaposukumwa inaweza kupandisha wadudu juu, na kizazi chenye maambukizi kinauma mara mbili.

Hatua ya 3: Sema mambo haya kabla, siyo ukiwa umelala

Mwambie daktari aliyekuandikia, kisha urudie kwa wanaokupima: aleji yoyote, hasa ya dawa za picha zenye ayodini, pumu, vidonda vya tumbo, figo, tezi la shingo, dawa za kuyeyusha damu, na kama uliwahi kuugua PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija. Aliyewahi kupata maambukizi hayo mara nyingi hupewa antibayotiki za kinga.

Yapo na mengine ambayo hayaulizwi kwenye fomu. Kama umekeketwa. Kama uliwahi kulazimishwa. Kama spekulamu, kile kifaa cha kufungua uke, iliwahi kukushinda, au tendo lenyewe linakuuma kiasi cha kufunga miguu bila kutaka. Huhitaji kusimulia. Sentensi moja inatosha: "Sista, kupimwa huku chini ni kugumu sana kwangu, naomba tupange namna." Muuguzi anayejua kazi hatakuuliza kwa nini. Atatafuta spekulamu ndogo, atapunguza watu chumbani, na atamweleza daktari kabla hajavaa glovu.

Hatua ya 4: Chagua dawa ya maumivu, na uombe kwa jina

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni vidonge. Ibuprofeni miligramu 400, baada ya kula, kama saa moja kabla. Usimeze kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, na usiichanganye na diklofenaki, maana hizo ni ndugu wa tumbo moja na madhara yake yanajumlishana. Asiyeweza kuitumia ameze parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kwenda pamoja. Sasa ukweli wenyewe: vidonge vinasaidia zaidi mnyongo unaobaki baada ya kipimo. Ule wakati dawa inasukumwa, vinapunguza kidogo tu. Ndiyo maana mtu aliyeambiwa "meza brufeni utakuwa sawa" anatoka akijiona mwoga. Siyo mwoga. Aliahidiwa zaidi ya kilichomo kwenye kidonge.

Ya pili ni ganzi ya kupaka au kupuliza kwenye mlango wa kizazi, lidokeini ya jeli, krimu au spirei. Hii inapambana na maumivu ya pale pale, hasa koleo linaposhika mlango wa kizazi. Inahitaji dakika chache ili ishike. Nimeona ikipakwa na kazi kuanza papo hapo, na hapo ni sawa na kupaka maji. Ukipakwa, omba wasubiri.

Ipo pia ganzi ya sindano kandokando ya mlango wa kizazi. Sindano yenyewe inachoma, na kwa HSG si kila daktari anaiona ina faida, lakini kwa mtu ambaye mlango wake umebana na itabidi utanuliwe, ni halali kuiulizia.

Halafu kuna dawa za kulegeza misuli, kama Buscopan. Hapa nataka uelewe jambo moja. Kizazi ni msuli. Ukiogopa na kuumia, pembe zake zinaweza kukaza pale mirija inapoanzia, dawa ikashindwa kupita, na ripoti ikaandikwa mirija imeziba wakati haijaziba. Kwa hiyo kukuondolea maumivu na hofu siyo kukudekeza. Kunasaidia majibu yawe ya kweli. Mtu akikujibu "hatutoi dawa, ni dakika chache tu", mkumbushe hilo kwa upole.

Mwisho kuna dawa ya usingizi mwepesi au nusu kaputi. Kwa HSG hospitali nyingi haziifanyi, na mahali inapofanyika inakutaka ukae na njaa, kwa kawaida saa 6 bila chakula, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kwa yule niliyemtaja katika hatua ya 3 ni njia ya haki kabisa. Njia nyingine ni kuangalia mirija wakati wa upasuaji wa matundu madogo tumboni, ambapo mgonjwa amelala fofofo na dawa ya rangi ya bluu inapitishwa. Ule ni upasuaji, siyo kipimo cha kupita tu, kwa hiyo uupime na daktari wako. Mahali pengine wanatumia ultrasaundi badala ya eksirei. Mpira na maji vinaingia vilevile, lakini unaepuka mionzi.

Kuhusu zile dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa kwenye simu, na za kuweka ukeni ili "mirija ilegee": acha. Utakuja na mchubuko na uchafu, na tutakurudisha nyumbani.

Hatua ya 5: Asubuhi ya kipimo

Kunywa chai na kitu cha kutafuna, isipokuwa kama utalazwa usingizi. Kuhusu kidonge, tatizo kubwa ni foleni. Ukimeza nyumbani saa 12 alfajiri ukaitwa saa 6 mchana, nguvu yake imeshapungua. Beba kidonge na chupa ya maji, jiandikishe, lipa, kisha uliza una watu wangapi mbele yako. Ikibaki kama saa moja, meza.

Chukua kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kubadilisha, pedi, na viatu visivyo na kisigino. Kojoa kabla ya kuingia. Njoo na mtu, hata akibaki nje. Usiendeshe pikipiki mwenyewe kurudi.

Hatua ya 6: Kitandani

Kitanda cha eksirei ni kigumu na cha baridi. Omba kitu laini chini ya nyonga. Kabla hujafungua miguu, kubaliana na daktari hivi: "Nikisema simama, naomba usimame, tupumzike, kisha tuendelee." Mimi huongeza ishara ya mkono, maana wengine sauti hukata. Nampa mkono wangu wa kushoto. Akiubana mara mbili, mimi ndiye ninayesema simama.

Pia namuuliza nimwite nani. Huku kwetu kila mwanamke mtu mzima ni "mama", na tunasema kwa heshima. Lakini siku moja nilimwambia mgonjwa "jikaze mama", akageuza uso ukutani, machozi yakashuka kimya kimya mpaka kwenye sikio. Miaka saba alikuwa anasubiri kuitwa hivyo na mtu mwenye haki ya kumwita. Tangu siku ile namwita mtu kwa jina lake. Na wewe, ukitaka, sema jina lako mapema.

Maumivu hayaji kwa mkupuo. Spekulamu inabana: toa pumzi ndefu kwa mdomo, achia makalio yakae kitandani. Mlango wa kizazi unasafishwa, unasikia baridi. Koleo likishika, ni kama kufinywa kwa ndani, kisha linapoa. Mpira unaingia, na kama una puto dogo la kuuzuia usitoke, puto likijazwa unasikia tumbo linanyonga kama siku ya kwanza ya hedhi mbaya. Likizidi, sema, linaweza kupunguzwa maji.

Kisha dawa. Huu ndio wakati mgumu, na unahesabika kwa sekunde. Omba isukumwe polepole, kidogo kidogo. Omba pia isiwe ya baridi, ipashwe ifikie joto la mwili kama wanaweza. Mrija ukiwa umeziba, dawa inakosa pa kutokea, shinikizo linapanda na ndipo maumivu yanapokuwa makali. Usishike pumzi. Ukishika pumzi tumbo linakuwa gumu na kila kitu kinabana. Piga pumzi fupi kama unapuliza uji wa moto. Ukisikia masikio yanavuma na jasho la baridi, sema "kizunguzungu". Mpira utatolewa na utainuliwa miguu.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Usishuke haraka. Lala dakika 10, kaa, kisha simama. Maji ya kunata yatatoka pamoja na damu kidogo kwa siku moja au mbili: tumia pedi, siyo kitu cha kuingiza ndani. Mnyongo huisha ndani ya saa kadhaa. Dozi nyingine ya ibuprofeni meza baada ya saa 6 hadi 8, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kuhusu kukutana na mume, muulize aliyekupima. Wengi tunasema subiri damu ikome.

Kati ya wanawake 100 wanaopimwa, 1 hadi 3 hupata maambukizi. Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uchafu wenye harufu, au damu inayojaza pedi ndani ya saa moja. Kama picha imeonyesha mirija iliyovimba na kujaa maji, usiondoke bila kuuliza antibayotiki. Inayotumika sana ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 5.

Chukua picha zako, siyo karatasi ya majibu peke yake. Na kwenye daftari lako la kliniki andika kwa mkono wako: nilimeza nini, saa ngapi, niliitwa saa ngapi, wapi pameuma zaidi, nini kilisaidia. Ukija kuwekewa kitanzi, kusafishwa au kupimwa tena, mpe daktari daftari asome ukurasa huo kabla hajakuambia upande kitandani.