Kugeuza na Kufinyanga Vijisanamu vya Jeshi la Waliozama

Anayeunda jeshi la vijisanamu vya mchezo wa vita wa mezani, lenye mada moja, hutamani kuanza na kisu, ilhali kazi huanza kwa kuamua ni alama zipi zitakazojirudia kwa kila askari, hata mtu aliyesimama upande wa pili wa meza atambue kwamba wote hao ni wa bendera moja. Mfano nitakaoutumia ni wa hapa hapa Mombasa. Manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Taná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi wa akiolojia katika miaka ya 1970 vimewekwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Historia inakomea hapo. Kwamba majini wa mlango wa bahari waliwainua wafu wa mataifa yote waliozama katika maji hayo, wakawafanya jeshi moja, hilo ni letu sisi wachezaji.

Kwa jeshi hili nimechagua alama tatu: kilemba au shuka iliyolowa, mbao zilizoshonwa kwa kamba kama za mtepe (chombo cha kale cha baharini), na matumbawe yaliyoota mwilini. Tatu zinatosha. Kila askari wa kawaida apewe mbili tu, na zote tatu zikutane kwa makamanda na mshika bendera, kwa sababu jeshi ambalo kila mtu wake amepambwa kama sultani halina sultani.

Malighafi iliyo rahisi zaidi ni askari wa plastiki wa milimita 28, hasa mifupa inayotembea na wanamgambo wasiovaa deraya nzito, kwa kuwa plastiki hukatika bila kupasuka na viungo vyake hubadilishana kwa urahisi. Kipimo cha milimita 28 kwa desturi huchukuliwa kutoka wayo hadi usawa wa macho, kwa hiyo milimita moja ya kijisanamu ni kama sentimita 6 za mtu halisi. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mfinyanzi: kunjo la nguo ambalo kwa mtu ni la sentimita moja na nusu lingekuwa robo ya milimita, nalo lingefunikwa na rangi lisionekane tena. Lazima basi uzidishe unene wa kila kitu, na upunguze idadi ya makunjo.

Shughulikia mkao kabla ya pambo lolote. Mkono uliokatwa begani na kugeuzwa kidogo, au kiuno kilichopinda, hubadilisha kijisanamu kuliko saa nzima ya kufinyanga. Kata kwa kisu chembamba chenye wembe mpya, ukisukuma mbali na vidole, kisha lainisha kwa tupa ndogo na msasa. Ikiwa kipande ni cha resini, kilowanishe kabla ya kukipiga msasa na uvae barakoa, kwa maana vumbi lake halifai kuvutwa puani. Kiungo chochote chenye uzito kitiwe pini: toboa kwa keekee ndogo ya mkono pande zote mbili, ingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi, halafu gundi. Supaglu hukauka kwa unyevu, na unyevu wa pwani hauna kasoro, kwa hivyo itashika upesi kuliko maelezo ya kwenye chupa. Chupa iliyofunguliwa ikiwekwa ndani ya friji huku imefungwa barabara hudumu zaidi, ilimradi uitoe na kuiacha ubaridi wake uishe kabla ya kuifungua, isije ikaingiza matone ya maji.

Sasa tufike kwenye epoksi, udongo wa sehemu mbili unaoganda ukichanganywa, ambao ndio roho ya kazi. Ile ya wafinyanzi huja katika utepe wa rangi mbili, manjano na buluu, na ukiichanganya hugeuka kijani. Buluu ndiyo inayogandisha: ukizidisha manjano utapata udongo laini unaonata, unaofaa kwa nyama na nguo, ukizidisha buluu kidogo utapata ulio mgumu zaidi, unaofaa kwa makali ya silaha. Kabla ya kuchanganya, kata na utupe ule mstari wa katikati ambapo rangi mbili zinagusana, maana hapo imekwisha kuganda na itakuachia chembe zisizolainika. Vaa glavu, kwa kuwa wapo ambao ngozi zao huikataa epoksi baada ya kuizoea. Katika nchi za baridi mfinyanzi hupata saa moja au zaidi ya kuichezea; kwetu, hasa wakati wa kaskazi ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30, muda huo hupungua sana. Changanya kidogo kidogo, kiasi cha punje ya choroko, na ufanye kazi baada ya isha au alfajiri. Epoksi ya mafundi bomba inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni ya chembe nene na huganda kwa dakika chache. Usiitumie kwa uso wala vidole, lakini kwa kujaza mwili wa zimwi au kuinua mwamba ni nafuu na haina ubaya.

Chukua kilemba. Kwanza weka tonge dogo kichwani, ulibonyeze lishike fuvu, uliache ligande kabisa. Siku ya pili viringisha uzi mwembamba wa epoksi juu ya kigae kilicholowa, uubapaze kwa ubapa wa kisu uwe utepe, kisha uuzungushe juu ya lile tonge kwa mshazari, kila mzunguko ukipanda nusu ya uliotangulia. Usiguse makunjo mara hiyo hiyo. Subiri epoksi ianze kushikamana, ikiwa bado inakubali sindano lakini hairudi ilikotoka, ndipo upitishe ncha ya sindano butu kati ya tepe, ukianzia sikioni kuelekea paji la uso. Lowesha sindano kila mara. Mafuta ya nazi pia huzuia kunata, ila ukiyatumia ni sharti uoshe kijisanamu kwa sabuni kabla ya tabaka lijalo, la sivyo epoksi mpya haitashika na rangi itabanduka. Ncha ya kilemba iangukie begani na ielekee upande mmoja kwa askari wote, kana kwamba mkondo wa maji unawavuta pamoja.

Mbao za mtepe ndizo ninazozipenda kuliko zote. Chombo hicho cha pwani yetu hakikuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kwa ngao, kata vipande vitatu vya plastiki bapa, kila kimoja upana wa milimita 3 na urefu wa 12, uvichanje kwa kisu vipate mishipa ya mti, uvigundishe sambamba. Kisha laza vijiti vifupi vya epoksi kukatiza kila ungio, ukiacha nafasi sawa kati yake, na utoboe tundu dogo kwenye kila ncha. Acha mishono miwili mitatu iwe imekatika. Kufinyanga mishono yote ya kikosi kunachosha, kwa hiyo baadhi ya ngao waweza kuzichora mishono kwa rangi tu, na hakuna atakayekulaumu.

Matumbawe ni kazi nyepesi: bandika epoksi begani au gotini na uidonoe kwa nywele za mswaki mkavu mpaka ijae vitundu. Usivunje matumbawe hai ya baharini kwa ajili ya pambo.

Kamanda anastahili kufinyangwa upya juu ya kiunzi cha waya. Mkao wake nimeuazima kwa Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yanasema alichomwa sindano ya shaba kitovuni, akaenda kisimani, akapiga goti na kuvuta upinde, akafa hivyo hivyo huku watu wakiogopa kumkaribia. Pinda waya uonyeshe goti, mgongo na mikono, uufunike kwa epoksi nyembamba igande, kisha ongeza misuli, halafu nguo. Upinde uwe wa waya mtupu. Wa epoksi utavunjika.

Vitako, yaani vijukwaa wanavyosimamia askari, vipate mchanga wa ufukweni uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuibua madoa. Rangi ya msingi ya kupuliza usiitumie siku ya mvua au hewa nzito, maana itakauka kama vumbi jeupe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kilichobaki. Kikitoka na ukungu, paka rangi ya msingi kwa brashi.