Kuvua trauti Minnesota mwezi wa tatu: angalia maji, usidanganywe na jua

Wenzangu wa Minneapolis, St. Paul na Rochester, najua hali ilivyo, mtu umefungiwa ndani tangu Novemba, sasa jua likitoka siku moja tu unataka kukimbilia mtoni. Twende, lakini hiyo siku ya jua la kwanza ndiyo inayoponza wengi. Theluji ya vilimani ikianza kuyeyuka, maji yake ya baridi kali yanashuka mtoni, mto unajaa, unageuka rangi ya chai ya maziwa na trauti analala chini hataki kitu. Utarusha mshipi mpaka bega liume halafu urudi ukisema hakuna samaki, na wapo.

Mito ninayosema ni ya kusini mashariki, Whitewater na Root na vijito vyake, kama masaa mawili kwa gari kutoka Minneapolis na St. Paul. Ardhi ya kule ni mawe ya chokaa na chemchemi ziko kibao, maji yanatoka chini yakiwa na kama nyuzi 9 za Selsiasi mwaka mzima, ndio maana Januari watu wanapitisha magari juu ya maziwa yaliyoganda na kijito bado kinatiririka. Baridi ikizidi, vua karibu na chemchemi, sehemu zenye kina ambapo maji yanakwenda polepole.

Kabla hujawasha gari fungua grafu ya kiasi cha maji ya mto kwenye tovuti ya USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, ni bure. Mstari ukiwa umelala au unashuka, nenda. Ukipanda, kaa nyumbani. Kama theluji bado ipo chagua siku ya mawingu, au wahi asubuhi kabla haijaanza kuyeyuka. Theluji ikishaisha mambo yanageuka, hapo usijisumbue kuamka mapema, saa tano mpaka saa tisa alasiri ndio muda wenyewe maana jua linapasha maji kidogo na wadudu wanatoka.

Wadudu wenyewe wa sasa ni visubi, ndugu wa wale wanaotanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria, kwa hiyo flai, yaani chambo bandia kinachoiga mdudu, ziwe ndogo kabisa, saizi 20 au 22 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo zaidi). Kuelekea Aprili wanakuja wengine wa kijivu, mabawa yamesimama kama tanga la ngalawa, saizi 18 inatosha, na hawa wanapenda siku mbaya yenye manyunyu. Mimi nikifika nageuza kwanza jiwe moja au mawili, naangalia vilivyong'ang'ania chini yake, ndio nachagua flai. Ishushe karibu na sakafu ya mto na uiache ielee yenyewe bila kuivuta. Samaki wa baridi havuti kwa nguvu, kiboya kinasita kidogo tu kama kimegusa jani, inua fimbo hapo hapo.

Leseni za hapa zinaanza upya tarehe 1 Machi, ya mwaka jana imeshakufa, na ukiwa na miaka 18 hadi 64 unahitaji stempu ya trauti pia, yaani kibali cha ziada juu ya leseni. Mpaka katikati ya Aprili kule unavua na kurudisha. Lowesha mikono kwanza, na kukiwa na baridi ya kugandisha usimtoe nje ya maji kwa ajili ya picha, matamvua yake yanaganda haraka. Na tafadhali, usikanyage changarawe safi zinazong'aa, trauti wa kahawia hutaga msimu wa majani kupukutika na vifaranga bado viko humo. Ni samaki yule yule aliyeletwa kwetu Kenya kutoka Loch Leven, Uskoti, akawekwa mto Gura mwaka 1905, na hapa Minnesota pia ni mgeni wa kutoka Ulaya.

Suala la usalama sina mzaha nalo. Ile barafu ya ukingoni mara nyingi chini yake ni tupu, usiikanyage. Funga mkanda juu ya suruali ya raba ili ukianguka isijae maji, mimi niliwahi kuteleza bila mkanda na vidole vilikufa ganzi kabla sijafika kwenye gari. Acha nguo kavu garini, na mwambie mtu wa nyumbani uko mto gani na utarudi saa ngapi, kule mabondeni mtandao unapotea.