Kuitafuta GABA katika retina ya kijusi: utaratibu wa maabara

Seli za retina ya binadamu (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huanza kubeba vipitishi neva, yaani kemikali ambazo seli za neva hutumia kupashana habari, muda mrefu kabla ya kuzaliwa. GABA, ambayo katika retina iliyokomaa kwa kawaida huzuia seli jirani, ni miongoni mwa vile vinavyoonekana mapema. Tishu zenyewe hutumika kwa ridhaa ya maandishi ya mama na kibali cha kamati ya maadili. Andika umri wa kijusi, ukitaja kama umehesabiwa tangu hedhi ya mwisho au tangu kutungwa kwa mimba, kwani hesabu hizo hupishana kwa wiki 2 hivi.

Hatua ya 1. Hifadhi jicho katika paraformaldehidi ya asilimia 4 iliyoongezwa glutaraldehidi kidogo, kwa sababu GABA ni molekuli ndogo inayovuja kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba glutaraldehidi huifanya tishu ing'ae yenyewe. Mng'ao huo hupunguzwa kwa sodiamu borohidridi baada ya kukata. Asiyetaka usumbufu huo atafute GAD, kimeng'enya kinachotengeneza GABA kutokana na glutamati.

Hatua ya 2. Loweka katika sukrosi ya asilimia 30 mpaka tishu izame, igandishe, kisha kata vipande vya mikromita 12 hadi 14. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Retina hukomaa kuanzia katikati kuelekea pembezoni, kwa hiyo kipande kisichojulikana kimetoka wapi hakina thamani. Kata kupitia neva ya macho, ili kipande kimoja kionyeshe katikati iliyokwisha kugawanyika katika tabaka na ukingo ambao seli zake bado zinagawanyika.

Hatua ya 3. Funika kwa seramu ya mnyama aliyetoa kingamwili ya pili, weka kingamwili ya kwanza (inayoshika GABA) usiku kucha kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, osha, kisha weka ya pili (yenye rangi inayowaka, inayoishika ya kwanza). Slaidi moja isipewe ya kwanza: ikiwaka, rangi hiyo si GABA.

Hatua ya 4. Angalia hasa seli za amakrini na seli za mlalo, yaani seli za retina zinazopitisha ishara kwa upande, ila usiharakishe kusema kwamba GABA inazizuia jirani zake. Katika retina changa za wanyama wa maabara, kloridi nyingi iliyomo ndani ya seli huifanya GABA izichochee seli badala ya kuzizuia, mpaka KCC2, protini inayosafirisha kloridi, inapoanza kuitoa kloridi hiyo nje ya seli. Rangi huonyesha tu kwamba kipitishi kipo. Kila picha iandikiwe umbali wake kutoka neva ya macho.