Somo: Kuipata sauti ya besi ya "She's Lost Control" kwa vifaa ulivyonavyo

Wakuu, salaam. Kila anapotokea mtu kuuliza namna ya kupata sauti ya besi ya Joy Division, bendi ya Uingereza, majibu yanayomiminika ni majina ya pedali (visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu). Mimi naanzia kwingine kabisa. Sehemu kubwa ya sauti ile iko mkononi, yaani mahali unapobonyeza uzi na namna unavyougonga. Pedali ni ya mwisho. Ukiiwasha kabla mkono haujakaa sawa, utapata besi ya kawaida inayoyumba, basi.

Wimbo tutakaoufanyia kazi ni "She's Lost Control", toleo la albamu ya Unknown Pleasures ya mwaka 1979. Ilirekodiwa studio ya Strawberry, mjini Stockport, Uingereza, prodyuza akiwa Martin Hannett. Besi ni ya Peter Hook, gitaa Bernard Sumner, ngoma Stephen Morris, na anayeimba ni Ian Curtis. Kabla hujagusa gitaa, usikilize wimbo wote kwa hedifoni. Utagundua kwamba melodi inayobaki kichwani wimbo ukiisha ni ya besi. Gitaa linakuja kukwaruza na kuondoka, ngoma hazibadiliki, na besi ndiyo inayosimulia.

Hook mwenyewe ameeleza mara nyingi ilivyoanza. Amplifaya yake ya mwanzo ilikuwa dhaifu na gitaa la Sumner lilikuwa na kelele, kwa hiyo noti za chini zilimezwa. Akapanda noti za juu ili angalau ajisikie. Curtis akapenda anachosikia na akamhimiza aendelee hivyo hivyo. Kumbuka hilo unapofuata hatua hizi: sauti hii ilizaliwa kwa kutafuta nafasi ambayo hakuna chombo kingine kinaikalia.

Hatua ya 1: Panda shingoni

Sahau nyuzi za E na A, zile mbili nene, kwa sasa. Kazi yote iko kwenye D na G, zile nyembamba, kuanzia kama freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya 7 kwenda juu, kuelekea mwili wa gitaa. Tazama hesabu yake. Uzi wa E ukiachwa wazi unatoa takribani Hz 41 (mitetemo kwa sekunde). Uzi wa G ukibonyezwa freti ya 12 unatoa Hz 196, ambayo ni noti ileile ya uzi wa G ulio wazi kwenye gitaa la kawaida. Kwa hiyo unapopiga pale hauko tena kwenye sakafu ya wimbo, umeingia eneo la gitaa na sauti ya mwimbaji. Uzi wa besi ni mnene, hivyo noti ile ile inatoka ikiwa na kifua ambacho gitaa la kawaida halina. Huo mgongano wa urefu wa noti na unene wa uzi ndio unaoutafuta, na hakuna pedali inayoutengeneza.

Zoezi la kuanzia: acha uzi wa D wazi ulie, halafu tembeza melodi fupi juu yake kwenye uzi wa G, ukigonga nyuzi zote mbili pamoja. Hook anaitumia sana mbinu hii. Uzi wa D unakuwa kama sauti ya chini isiyokoma, na melodi inapata kitu cha kusuguana nacho.

Sasa kuna kero moja ambayo usipoishughulikia itaharibu rekodi yako. Ukipiga nyuzi nyembamba kwa nguvu, E na A zinatetemeka zenyewe na kuacha mvumo chini ya kila kitu. Egemeza kitako cha kiganja cha kulia juu yake. Ukiwa unarekodi, kunja kitambaa chembamba ukipachike chini ya nyuzi hizo mbili karibu na daraja la gitaa, kisha sikiliza tofauti. Mvumo ukiondoka, noti za juu zinang'aa ghafla bila kugusa ikwalaiza (vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti za chini, kati na juu).

Hatua ya 2: Piki, na mahali pa kugonga

Vidole havitoi sauti hii. Tafuta piki (kile kipande kidogo cha kugongea nyuzi) ngumu, milimita 1 au zaidi. Piki laini inajikunja kabla ya kuuachia uzi, na ule mgongo wa mwanzo wa noti, yaani pigo lake kali la kuanzia, unapotea.

Gonga kuelekea chini kadiri unavyoweza, hasa noti za mnane (mbili kwa kila pigo). Kupiga chini na juu kwa zamu hakuchoshi sana kama hivyo, lakini noti moja inakuwa na nguvu na inayofuata inakuwa nyepesi, na wimbo huu unataka kila noti iwe na uzito uleule. Mkono ukichoka, punguza kasi ya mazoezi, usibadilishe mtindo.

Sehemu ya kugonga inabadilisha sauti kuliko watu wanavyodhani. Ukikaribia shingo unapata mviringo na giza. Ukikaribia daraja unapata ukali na uchuma. Anza katikati ya pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) na daraja, halafu sogeza mkono sentimita moja moja huku ukirudia noti moja. Kuna sehemu utaisikia noti ikianza kuguna kama imekasirika kidogo. Kaa hapo.

Hatua ya 3: Nyuzi na pikapu

Nyuzi ziwe zile zenye mikunjo ya mviringo, zinazokwaruza kidole ukizitelezea, na ziwe mpya. Nyuzi nyororo ni nzuri kwa kazi nyingine. Kabla ya kuhamia Yamaha BB1200S, Hook alipiga nakala ya Rickenbacker, kwa hiyo usihangaike kutafuta gitaa la jina. Likiwa na pikapu mbili, elemea ile ya darajani lakini usiifunge kabisa ya shingoni. Likiwa na moja, fungua kitufe cha toni hadi mwisho.

Hatua ya 4: Amplifaya na ikwalaiza

Hapa ushauri wa kawaida wa besi unakupoteza. Utaambiwa uongeze chini na ukate eneo la Hz 200 hadi 300 ili kuondoa tope. Lakini noti zako nyingi sasa ziko humo humo na jirani yake! Ukikata hapo umekata mwili wa melodi, na utabaki na mlio wa piki peke yake.

Fanya hivi. Chini ya Hz 70 ondoa kila kitu, hakuna noti yako huko. Eneo la Hz 150 hadi 250 liache kama lilivyo. Ongeza kiasi kati ya Hz 800 na 1,500, ndiko piki inakozungumza. Juu ya Hz 5,000 shusha taratibu, maana koras (pedali ya hatua ya 6) ikija italeta mnong'ono wa umeme huko. Kwenye amplifaya yenye vitufe vitatu tu, weka besi chini ya nusu, kati juu ya nusu, na kali nusu.

Geini (nguvu ya sauti inayoingia kwenye amplifaya) iwe pale ambapo ukigonga kwa upole sauti ni safi, na ukigonga kwa nguvu inaanza kupasuka ukingoni. Distoshoni ya kuunguruma mfululizo haifai hapa. Itazifunika noti na utashindwa kuwatenganisha besi na gitaa.

Hatua ya 5: Kompresa

Kazi yake ni kubana noti kubwa ili zikaribiane na ndogo. Uwiano wa 4 kwa 1, ianze kubana baada ya milisekunde 20 hadi 30 ili mgongo wa piki upite kwanza, na ipunguze desibeli 4 au 5 noti zinapokuwa na nguvu. Inatosha.

Hatua ya 6: Koras

Pedali inayohusishwa na Hook ni Clone Theory ya Electro-Harmonix. Koras nyingine yoyote itakufikisha karibu, mradi uelewe inachofanya. Inanakili sauti yako, inaichelewesha nakala kwa milisekunde kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 30, kisha inauyumbisha ule ucheleweshaji mbele na nyuma. Ucheleweshaji ukiyumba, noti ya nakala inapanda na kushuka kidogo kuliko ya asili. Zikichanganywa, sikio linasikia kama watu wawili wanapiga kitu kimoja bila kukubaliana kabisa.

Kasi iwe ndogo. Shika noti ya freti ya 12 uzi wa G, iache ilie, na uhesabu: wimbi moja lichukue kama sekunde moja na nusu hadi mbili. Kina kiongeze mpaka usikie noti inatoka nje ya tuni, halafu rudisha nyuma kidogo. Mchanganyo usizidi nusu kwa nusu. Ukizidisha, mgongo wa piki unalainika, na kazi yote ya hatua ya 2 inapotea.

Hapa ndipo utaona faida ya kucheza juu. Koras kwenye noti nzito za chini huleta kizunguzungu, na wengi hulazimika kuigawa besi mara mbili ili chini ibaki kavu. Wewe huna sababu ya kufanya hivyo.

Hatua ya 7: Nafasi

Hannett alijulikana kwa kupenda dilei (vifaa vya kurudia sauti) za kidijitali za AMS na kwa kukitenga kila chombo mpaka kionekane kiko chumba chake. Kwa besi yako, weka rudio moja tu, milisekunde 90 hadi 120, likiwa chini sana kiasi kwamba ukilizima ndipo unajua lilikuwepo. Ukitaka dilei inayofuata mdundo, gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo (mapigo kwa dakika). Kasi ya 120 inakupa milisekunde 500 kwa pigo moja na 250 kwa nusu pigo. Kisha ongeza mwangwi wa chumba kidogo, ukiwa umepunguzwa ukali.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, sina pedali hata moja. Nina kompyuta, saundi kadi na programu ya kurekodia tu. Nitafika?

Jibu: Utafika, na pengine vizuri zaidi. Rekodi melodi mara mbili, kwa kuipiga kweli mara zote mbili, usinakili. Ya pili ishushe tuni kwa senti 6 hadi 8 (semitoni moja ni senti 100), icheleweshe milisekunde 20, na iweke chini ya ya kwanza kwa sauti. Tofauti ndogo za mkono wako ndizo zitakazofanya kazi ya koras. Usizipeleke mbali kushoto na kulia, ziache zikaribiane katikati.

Swali: Nina flenja, siyo koras. Je, inakubalika?

Jibu: Inakubalika ndugu yangu. Flenja inatumia ucheleweshaji mfupi zaidi, na inarudisha sehemu ya sauti ndani yake yenyewe, ndiyo maana inatoa ule mlio wa ndege inayopita. Zima kabisa marudio hayo ya ndani, ongeza ucheleweshaji hadi mwisho wa kitufe, punguza kasi. Utakuwa jirani sana na koras.

Swali: Nimejaribu na bendi. Nikipanda juu kila mtu anasema wimbo umekosa uzito. Mpiga gitaa anataka nirudi chini.

Jibu: Hili ndilo swali zito kuliko yote. Besi ikipanda, lazima watu wengine wabadilike, vinginevyo mtakuwa watatu kwenye eneo moja. Mwambie mpiga gitaa aache kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nzito za mfululizo wakati wa melodi yako, apige vipande vifupi au anyamaze. Msikilize Sumner kwenye wimbo wenyewe, anakaa nje ya njia muda mwingi. Mpiga ngoma abebe sakafu: ngoma ya mguu iwe nzito na ya kawaida, bila mapambo. Mkiwa na kinanda, kishike noti moja ya msingi chini ya Hz 100, kwa sauti ndogo, ibadilike pale tu kodi inapobadilika. Halafu mjipe muda wa kuzoea ule utupu, maana ni sehemu ya muziki huu. Mkiujaza wote, mtapata roki ya kawaida.

Swali: Je, nikishuka tu kwenye kiitikio?

Jibu: Shuka, ni uamuzi mzuri kwa nyimbo zenu wenyewe. Uzito utasikika mara mbili kwa sababu haukuwepo kabla. Zima koras unaposhuka.

Swali: Mpangilio wa pedali uweje?

Jibu: Kompresa, kisha distoshoni kama unayo, koras, dilei mwisho. Koras ikitangulia distoshoni, mawimbi yake yanakuwa machafu.

Swali: Chini gitaa langu liko kwenye tuni, ila nikifika freti ya 12 linasikika bovu, hasa uzi wa D ukiwa wazi. Tatizo ni sikio langu?

Jibu: Sikio lako liko sawa. Gitaa lako halijapimwa urefu wa nyuzi, na mtindo huu unaifichua kasoro hiyo haraka kwa sababu unalinganisha noti ya juu na uzi ulio wazi muda wote. Weka nyuzi mpya kwanza. Tuni uzi wa G, gusa kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza ili utoe ule mlio wa kengele, kisha bonyeza freti hiyo hiyo na upige kawaida. Linganisha kwenye tuna. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko ya kengele, kirudishe nyuma kile kitako cha uzi kilicho darajani, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Zungusha skrubu robo mzunguko tu, tuni upya, pima tena. Ukimaliza G fanya D. Bonyeza kwa nguvu ileile unayotumia ukicheza, maana ukikandamiza zaidi noti inapanda na kipimo kinakudanganya.