Somo: Kufufua duka la zamani la Jinja liwe kituo cha jamii

Maduka yaliyojengwa na Wahindi kando ya Main Street, Jinja, nchini Uganda, yana kuta nene za matofali ya kuchoma, veranda mbele, na ukuta wa uso uliopanda kuficha paa. Kikundi kinachotafuta pa kuweka maktaba au darasa la ushonaji hakitapata jengo bora zaidi ya haya, mradi kielewe adui ni maji, na kwamba mara nyingi saruji ndiyo inayoyafungia ndani.

Hati kabla ya karai. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, majengo yao yaliangukia mikononi mwa serikali, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya wenyewe kurudishiwa. Kwa hiyo anayekupa funguo akuonyeshe hati ya ardhi, pamoja na cheti cha kurudishiwa mali kama jengo lilikuwa miongoni mwa hayo. Hakiki mwenyewe ofisi ya ardhi. Nakala aliyokupa isikutoshe. Mkataba wa pango unaozidi miaka 3 usajiliwe. Chini ya miaka 10, sisi tungeshauri msiguse paa kwa fedha zenu. Kisha chukueni kibali cha kamati ya ujenzi ya jiji.

Paa. Pandeni mvua ikinyesha. Nyuma ya ule ukuta wa uso kuna mfereji wa bati, na hapo ndipo jengo huanza kuoza: majani huziba, maji hufurika ndani, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani hulowa. Chomeni kila ncha kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila nguvu, kateni hadi mbao nzima na unganisheni kipande kipya. Mvule wa zamani ukiwa mkavu, uacheni. Mfereji mpya ushuke sentimita 1 kila mita 1, ukingo wake uingie chini ya mabati sentimita 15, na tobo la dharura litobolewe kwenye ukuta wa uso, chini kidogo ya ukingo wa ndani. Bomba likiziba, maji yatamwagika barabarani badala ya darini.

Ardhi ya nje. Miaka mingi ya kumwaga udongo na zege huinua ua kuliko sakafu. Chimbeni hadi nje iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau.

Kuta. Tazameni sehemu ya chini, kimo cha goti: rangi imevimba, ukiigusa inadondoka, na nyuma yake pana unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Unyevu unapanda kwenye matofali, unakuta lipu ya saruji na rangi ya plastiki, unakosa pa kutokea. Bandueni saruji yote kwa patasi, taratibu. Kwangueni maungio kina cha sentimita 2, subirini ukuta ukauke. Miezi 2 si mingi.

Lipu ni chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, mchanga msafi wenye chembe kali. Lowekeni chokaa ya unga siku nzima kabla ya kuchanganya. Mita 10 za mraba kwa tabaka la milimita 10 hula ndoo 6 za lita 20 za mchanga na 2 za chokaa, upotevu ukiwemo. Kwaruzeni tabaka la kwanza, ngojeni siku 7 hadi 10, ndipo lipigwe la pili. Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mara 4.

Nyaya za umeme za zamani ng'oeni zote, msiunganishe mpya kwa kuukuu. Taa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5.

Maswali ya wanachama

*Fundi wetu anasema chokaa haishiki, tuongeze saruji kidogo. Tumkubalie?*
Hapana, ndugu. Muulizeni kama alilowesha matofali kwanza. Tofali kavu hunyonya maji ya lipu ikabaki vumbi. Kagueni pia mfuko: chokaa iliyokaa wazi imeshashikana na hewa, haina kazi tena. Halafu funikeni ukuta kwa magunia mabichi siku 4 au 5, hasa upande wa jua.

*Veranda yetu iko juu sentimita 45. Wenye viti vya magurudumu watapandaje?*
Mteremko wa 1 kwa 12, dada, yaani mita 5.4. Mbele mtaziba njia ya wapita njia. Tumieni mlango wa uani, na juu mwacheni bapa la mita 1.5 kiti kiweze kugeuka.

*Banda la nyuma limeezekwa kwa asbestosi. Tuivunje?*
Msikate, msipige msasa, msiifagie. Vumbi lake huharibu mapafu. Ikiwa nzima, iacheni mahali pake na msiitoboe hata kwa msumari. Ikiwa imepasuka, fungeni banda hilo na muulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, utaratibu wa kuiondoa kabla fundi yeyote hajapanda.