Namna ya Kuhifadhi Video za Maandamano Zisipotee

Vuguvugu la siku hizi huandika historia yake kwenye simu, nazo simu hunyang'anywa, akaunti hufungwa na intaneti hukatwa. Waandamanaji waliopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum walishambuliwa tarehe 3 Juni 2019, kisha intaneti ikazimwa kwa wiki kadhaa. Iliporejea mwezi Julai, yaliyotazamwa na ulimwengu ni yale ambayo wenye simu walikuwa wameyatunza.

Jambo linalokosewa zaidi ni kulinda faili la awali. Video inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, ubora wake ukashuka na taarifa za saa na mahali zilizofungamana nayo zikafutika. Kwa hiyo itume kama hati, au ihamishie kwenye kompyuta kwa waya. Usikate mwanzo wala mwisho, wala usiongeze maandishi au muziki. Anayetaka toleo la kusambaza na alitengeneze kutoka kwenye nakala. Kisha lipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano «2020-10-20_Lagos_Lekki_01», na kando yake uandike mpiga picha alisimama wapi, alielekea upande gani, na nini kilitokea kabla hajaanza kurekodi. Jina lake halihitajiki hapo.

Unaporekodi, izungushe kamera polepole hadi zionekane alama zisizohama: minara, mapaa, milima. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaua wanawake na watoto, nayo serikali ya Kamerun ikaikana. Wachunguzi wa BBC waliulinganisha mstari wa vilele vya milima uliokuwa nyuma ya tukio na picha za setilaiti, wakabaini kwamba ni karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Mwaka 2020 wanajeshi wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Milima hiyo, ambayo huenda aliyerekodi hakuijali hata kidogo, ndiyo iliyotoa ushahidi.

Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya nchi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi inayowafaa zaidi ndugu wa diaspora, kuliko kurudia alama reli kila asubuhi. Nigeria ilipoifungia Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, walio ughaibuni hawakuguswa na amri hiyo. Nakala hizo zifungwe kwa nywila.

Kuna mtego hapa: taarifa zinazothibitisha video ndizo zinazoweza kumfichua aliyeirekodi. Toleo la hadharani lifutwe taarifa hizo na nyuso zifichwe, ilhali faili la awali libaki kamili mahali salama. Mwenye simu asifute chochote hadi aliye ughaibuni aifungue nakala yake na kuitazama mpaka mwisho.