Kupima Sensa ya Joto la Maji ya Injini
Gari la zamani linapokula mafuta kupita kiasi na kusumbua kuwaka likiwa la moto, usikimbilie kununua sensa mpya ya joto la maji kabla ya kuipima. Injini ikiwa imepoa, zima swichi, chomoa plagi ya sensa na uikague kwanza, kwa kuwa mara nyingi kosa ni kutu ya kijani kwenye pini, au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Kisha ifungue sensa kutoka kwenye injini na upime ukinzani wake wa umeme kwa mita ya omu: katika magari mengi, iliyo nzima husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na karibu 300 kwenye nyuzijoto 80. Ichovye ncha yake katika maji yanayopashwa moto taratibu. Namba ikiruka ghafla au ikiganda, sensa imekufa.